Lango la Jumamosi

"Baba amesema tusubiri."

Ratemo alilisema hilo akiwa bado amesimama mlangoni, kichane cha ndizi mbivu mkononi, kama mtu anayetaka kuacha mzigo aondoke kabla hajaulizwa maswali.

Mong'ina hakugeuka. Aliendelea na mstari aliokuwa akiuandika, akaumaliza, akauhifadhi. Ndipo akazungusha kiti.

"Tusubiri nini?"

"Ile safari ya posa kwenu. Wazee hawataenda Nyamache mwezi huu."

"Wataenda mwezi ujao?"

Ratemo aliingia, akaziweka ndizi mezani, karibu kabisa na kompyuta, mahali alipojua Mong'ina hapendi kitu kiwekwe. "Hakutaja mwezi."

Ofisi ilikuwa chumba kimoja mjini Kisii, juu ya duka la Umesh, muuza vitabu na vifaa vya shule. Dirishani yalionekana mapaa ya mabati na mawingu ya mchana yakijikusanya, kama yanavyojikusanya karibu kila siku. Mong'ina alivitazama vidole vya Ratemo vikichezea ganda la ndizi. Alizipenda kucha zile zenye udongo usiotoka hata kwa brashi. Alizipenda tangu siku ya kwanza, Ratemo alipopanda ngazi kuuliza kama anaweza kumtengenezea tovuti mtu anayeuza miche ya migomba, akaacha alama nyeusi ya kidole kwenye ukingo wa meza, na Mong'ina akakaa wiki nzima bila kuifuta. Leo hakutaka kuziona.

"Mama yangu amenunua vikombe," alisema. Sauti yake haikupanda, ilishuka. "Ameazima viti kanisani. Amewaambia kina mama wote wa kwaya. Ratemo, mama yangu amepaka chokaa hata choo."

"Najua."

"Hujui. Ungejua usingekuja na ndizi."

Ratemo alivuta kiti cha wateja, akaketi. Macho yake yalikuwa mekundu kwa kukosa usingizi, na siku nyingine Mong'ina angeinuka kumtengenezea chai.

"Ni ile tovuti," alisema hatimaye. "Mwanzoni mtu akitafuta miche ya ndizi Kisii, sisi ndio tulikuwa wa kwanza. Watu walipiga simu kutoka Kitale, kutoka Meru. Baba akawa anawaambia wazee wenzake kanisani kwamba mkwe wake mtarajiwa ana kichwa. Sasa ukitafuta, hatupo. Si wa pili, si wa kumi. Hatupo kabisa. Miche inakua kitaluni mpaka inapita umri wa kupandwa. Jumapili familia ilikaa."

"Ilikaa kunizungumzia mimi?"

"Kuzungumzia kitalu."

"Na mimi nikiwa ndani ya kitalu."

Mong'ina alimngoja. Alikuwa na tabia ya kungoja. Kazi yake yote aliifanya hivyo, jambo moja, kisha linalofuata. Tovuti ile aliijenga kwa subira ya mtu anayefuma kikapu. Familia ilitaka bango moja kubwa la rangi, kila kitu kikiwa picha, na jina la mzee katikati. Mong'ina alikataa. Aliwaeleza kwamba kitambazi, ile programu inayotumwa na Google kupita kwenye tovuti ikizisoma, hakivutiwi na rangi. Kinasoma maneno. Kwa hiyo kila aina ya mgomba aliipa ukurasa wake na jina lake, chini ya kila picha akaandika ni picha ya nini, na maswali ambayo wakulima huuliza kweli, mche upandwe umbali gani, shimo liwe na kina gani, akayaandika kama wanavyoyauliza na kuyajibu kwa Kiswahili rahisi. Alikuwa ameifanya kazi ile kama anayetandika kitanda chake cha ndoa.

"Walisema nini?" aliuliza.

"Si lazima—"

"Walisema nini, Ratemo?"

"Shangazi Bosibori alisema kazi yako ni kama moto wa mabua. Inawaka watu wakiangalia, kisha inazimika." Aliegemeza viwiko magotini. "Na yeye ndiye aliyetumwa kwenu kama esigani."

Mong'ina aliketi wima. Alijua wangetuma esigani. Kwa Wakisii hakuna familia inayoposa bila kumtuma mtu kwanza, kimya kimya, akaangalie boma la msichana likoje, watu wake ni watu wa namna gani, kisha arudi aseme. Hakujua kwamba tayari alikuwa amefika.

"Alikuja lini?"

"Sijui siku. Anasema alikuta lango limefungwa. Akapiga hodi mpaka mkono ukamuuma, akajibiwa na mbwa. Anasema ni boma lisilopenda wageni."

"Boma letu?" Sasa sauti ilipanda. "Mama yangu huwalisha hata wauza mitumba wanaopita. Hukumuuliza alikuja siku gani, saa ngapi?"

"Sikuuliza."

"Na baada ya hapo wewe ulisema nini? Wamesema kazi yangu ni mabua, wamesema kwetu ni kwa wachoyo. Mwanamume anayetaka kunioa alikuwa ameketi hapo. Alisema nini?"

"Nilinyamaza. Ili mambo yasiharibike."

"Yasiharibike," alisema Mong'ina, akainuka kwa nguvu kiasi kwamba kiti kiliteleza na kugonga ukuta.

Kutoka chini, Umesh aligonga dari yake kwa mpini wa ufagio. Huwa anafanya hivyo watu wakisogeza meza.

"Samahani, Umesh," Mong'ina aliita kuelekea sakafuni. "Nafukuza kitu."

"Fukuza polepole, dada," sauti ikajibu. "Kuna wateja huku."

Wakati mwingine wowote wangecheka wote wawili. Ratemo alijaribu kutabasamu, na lile pengo la meno yake ya mbele likaonekana, pengo ambalo Mong'ina alikuwa amelibusu mara nyingi. Aliliona akaghadhibika zaidi.

"Fungua hiyo tovuti. Kwa ndani."

"Baba alisema funguo zikae nyumbani. Ndiyo maana ulipotukabidhi tulibadilisha neno la siri. Alisema funguo za boma hazikai kwa jirani."

"Jirani," alisema Mong'ina.

Ratemo hakusubiri neno hilo lirudiwe. Alivuta kompyuta, akaandika neno la siri, na Mong'ina akageuza uso ukutani wakati anaandika, kwa sababu ndivyo alivyozoea kufanya kwa kila mteja. Kisha akaketi, akaanza kutafuta.

Alitafuta jinsi alivyofanya siku zote. Hakukisia. Alianza na majina ya kurasa, yalikuwa sawa. Maneno chini ya picha, sawa. Njia kutoka ukurasa mmoja hadi mwingine, hakuna iliyokatika. Mvua ilianza kupiga mabati. Ratemo alimtazama shingo yake iliyoinama, kishungi kidogo cha nywele kilichokataa kusukwa, na akanyoosha mkono kukigusa kama alivyozoea. Mong'ina alisogeza kichwa bila kumtazama. Mkono ukabaki hewani, kisha ukarudi.

Halafu akafungua taarifa za kitambazi, siku kilizopita na mambo kiliyoyakuta. Alisoma, akarudi juu, akasoma tena.

"Ratemo. Hapa kinasema kimekuja kikakatazwa kuingia. Hapa pia. Na hapa." Kidole chake kilishuka polepole kwenye kioo. "Zote ni Jumamosi."

Mvua ilisikika sana.

"Kati ya wiki mlango uko wazi. Jumamosi kinakuta tangazo la kufungwa, na juu yake kuna amri inayokiambia kisituorodheshe popote. Kinatii. Kinakwenda kutufuta." Aligeuka. "Hii amri haijiweki yenyewe. Ni kisanduku kidogo, mtu anaingia ndani anakitia alama ya vema. Na mwenye neno la siri ni mmoja."

Ratemo alikuwa akiitazama mikono yake.

"Ijumaa kabla jua halijazama nafunga," alisema. "Jumamosi likishazama nafungua. Kama duka. Baba aliniuliza, hii tovuti inauza siku gani? Nikamwambia siku zote. Akasema haiwezekani kitu chenye jina lake kiuze siku ya Sabato. Basi nikawa nafunga. Siku nyingine akaniuliza tena, na kile kitambazi cha Mong'ina, kinachokuja kutusomea, kinafanya kazi ya nani? Nikasema ni kama kinatufanyia sisi. Akasema amri inampumzisha hata mfanyakazi, hata mgeni aliye bomani mwako. Nikatafuta mle ndani nikaona kile kisanduku cha kuzuia mitambo ya utafutaji. Nikakitia alama."

"Ulikipa mapumziko."

"Ndiyo."

Kicheko kilimjia Mong'ina kooni, na hasira ikakimeza kabla hakijatoka.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Nilidhani utacheka. Wewe ni Mkatoliki, una kompyuta mbili. Utatuona washamba."

"Nimewahi kuicheka imani yenu?"

"La."

"Unajua kwa nini sikuliona jambo hili mapema?" Sasa machozi yalikuwa karibu, na aliyachukia. "Tangu nianze kazi yenu, sijawahi kuigusa tovuti yenu siku ya Jumamosi. Hata kuifungua niitazame tu. Wateja wangu wengine nawafanyia kazi Jumamosi mpaka jioni, lakini yenu naiacha. Nilijiambia, hawa ni watu wa Sabato na siku moja watakuwa watu wangu. Mimi, Mkatoliki, nilikuwa naishika Sabato yenu, Ratemo. Nanyi mkanifungia humo humo."

Ratemo alifunika uso kwa viganja.

"Swali la mwisho," Mong'ina alisema. "Jumapili, baba yako aliponitaja. Ulikuwa unajua?"

"Nilijua nafunga. Sikujua kwamba ndiko kulikoiua."

"Ulishuku?"

Ratemo alizidi kuinamisha kichwa.

"Ratemo, ulishuku?"

"Wiki ile nilikuwa nimeanza kushuku," alisema ndani ya viganja vyake.

Mong'ina aliizima kompyuta, akaitia begini. Akachukua mwavuli. Alifanya yote hayo bila haraka, na hilo ndilo lililomtisha Ratemo.

"Unaenda wapi?"

"Kwa baba yako."

"Mong'ina, ngoja. Msichana haendi kwa wakwe kabla hawajaja kwao. Watu watasema—"

"Wakwe gani? Si umetoka kuniambia hakuna mwezi?" Alishika kitasa. "Toka nifunge. Na hapana, sipandi gari lako."

*

Boma la Mzee Onyiego, baba yake Ratemo, liko nje kidogo ya Keroka, upande wa Nyamira, kwenye mteremko wa majani chai. Mvua ilikuwa imekatika Mong'ina alipofika. Chini ya wavu wa kivuli, miche ya migomba ilikuwa imejipanga katika vifuko vyake vyeusi, mingi mno, majani yakigongana kwa kukosa nafasi. Aliiona, na kwa mara ya kwanza siku hiyo akamhurumia mtu mwingine zaidi ya mama yake.

Mzee Onyiego alikuwa akiipanga upya kwa mikono yake. Alikuwa mtu mfupi, mpole wa sauti, mzee wa kanisa ambaye hakuna aliyewahi kumsikia akifoka. Dada yake, Bosibori, aliketi kwenye kigoda akijaza udongo vifukoni, na ndiye aliyemwona mgeni kwanza.

"Haya, Onyiego," alisema. "Siku hizi bibi arusi hujileta mwenyewe."

"Shikamoo, Mzee. Shikamoo, shangazi."

"Marahaba," mzee aliitikia, akajifuta mikono. "Karibu. Bosibori, mpe kigoda."

"Kama amekuja kuomba msamaha, nitampa."

"Sijaja kuomba msamaha, shangazi. Nimekuja kumaliza kazi." Mong'ina alipindua ndoo tupu, akaiketia. "Mzee, nimesikia yaliyosemwa Jumapili. Naomba niseme yangu, kisha niende."

Gari la Ratemo liliingia langoni wakati huo. Alishuka, akaja mpaka kwenye tangi la maji, akasimama hapo. Hakuna aliyemsemesha.

"Sema, mwanangu," mzee alisema.

"Kile kitambazi ninachokitaja, Mzee, kichukulie kama esigani. Kuna mkulima Kitale hajui kama nyinyi mpo. Anamtuma esigani. Esigani hapigi kelele. Anapita, anaangalia boma, anaangalia mnacho nini, anarudi kumwambia aliyemtuma: boma liko, miche iko, jina lao hili. Hanunui. Habebi. Anaangalia tu, kisha anasema alichokiona."

"Naelewa. Esigani namjua."

"Sasa esigani huyu akifika Jumamosi akute lango limefungwa, na juu yake pameandikwa msituseme popote, atarudi kumwambia nini yule wa Kitale?"

Mzee Onyiego alifikiri. Hakuwa mtu wa kujibu upesi. "Atamwambia hakuna boma pale," alisema mwishowe.

"Ndivyo alivyosema. Ratemo amekuwa akilifunga lango hilo kila Sabato. Hamjashushwa na kazi yangu, Mzee. Mmefutwa kwa sababu mliomba kufutwa."

Bosibori aliacha kujaza udongo. Mzee hakugeuka upande wa tangi. Alimtazama Mong'ina tu, paji la uso limejikunja.

"Kufunga nilisema mimi," alisema. "Hilo silikatai. Lakini nilimwambia hivi: kabla hujagusa kitu, muulize Mong'ina kama inafaa, yeye ndiye anayejua. Ratemo aliniambia amekuuliza. Alisema umesema hakuna shida."

Mong'ina alihisi damu ikimpanda masikioni. Njia nzima alikuwa ameyapanga maneno ya kumwambia mzee huyu, maneno makali yenye heshima, na sasa hayakuwa na pa kwenda. Polepole aligeuza kichwa kuelekea tangi la maji.

Ratemo hakuyakwepa macho yake. Hilo angalau hakulifanya.

"Sikumuuliza, tata," alimwambia baba yake. "Niliona aibu. Nikakuambia uongo. Na Jumapili nilinyamaza, nikiwa tayari nimeanza kujua."

"Ulimwacha msichana wa watu asemwe."

"Ndiyo."

"Katika nyumba yangu. Na mimi nikasema pamoja nao."

"Ndiyo, tata."

Hakuna aliyefoka. Mong'ina alitamani mtu afoke.

"Sabato yangu siiuzi," Mzee Onyiego alisema baadaye, sasa akizungumza na Mong'ina. "Hata miche ikioza yote. Hilo ulijue, usije ukadhani nitasema fungueni."

"Sikuombi uiuze. Mzee, kile kibao chenu pale barabarani, chenye jina lako na picha ya mgomba. Ijumaa jioni mnakishusha?"

"Kibao? Cha nini kishushwe?"

"Jumamosi mtu akipita akakisoma?"

"Amesoma. Sisi tuko kanisani. Atarudi Jumapili."

"Kibao kinafanya kazi?"

Mzee alifungua mdomo, akaufunga. Kisha kitu kama tabasamu kikapita usoni mwake, kikaondoka haraka kwa sababu haikuwa siku yake.

"Kimesimama tu," alisema.

"Basi kurasa zisimame. Kitakachofungwa ni mahali pa kuagiza. Ijumaa jioni pataandikwa tumepumzika, tutakujibu Jumamosi jua likizama. Simu msipokee. Nitaipanga ijifunge na kujifungua yenyewe, bila mtu kugusa kompyuta Sabato. Na lile neno la msituseme popote litoke leo."

"Ifanye hivyo," mzee alisema.

"Haya, ya tovuti yamekwisha," Bosibori alidakia. "Na ya kwenu je? Mimi si kitambazi. Nilikwenda kwa miguu yangu mpaka Nyamache. Nikapiga hodi, nikaita, nikaitika mwenyewe. Lango kimya. Mbwa akanionyesha meno yote aliyonayo."

"Shangazi, ulikwenda siku gani?"

"Jumapili. Asubuhi nzuri tu, ile ambayo kila mtu yuko nyumbani anafua nguo."

Mong'ina alimtazama. Hasira yote aliyokuja nayo ilitafuta mahali pa kushika kwa huyu mama, ikakosa.

"Jumapili asubuhi," alirudia.

"Ulitaka niende Jumamosi? Nitoroke kanisa nikachungulie lango la watu?"

Mzee Onyiego alivua kofia yake pole pole. "Bosibori," alisema, "hao ni Wakatoliki."

Mkono wa Bosibori ulibaki ndani ya ndoo ya udongo. Alimtazama kaka yake, akamtazama Mong'ina, akayatazama mawingu.

"Walikuwa Misa," alisema kwa sauti ndogo.

"Wote, shangazi. Mama yangu anaimba sauti ya pili."

"Hata hivyo," Bosibori alisema baada ya kufikiri, "mbwa wao ni mkali." Kisha akainuka, akajipangusa udongo kwenye leso, akamsogezea Mong'ina kigoda chake mwenyewe.

Mong'ina hakukihamia. Aliitoa kompyuta begini, akaifungua magotini. "Neno la siri," alisema bila kuinua macho.

Ratemo alitoka kwenye tangi. Aliinama kando yake ili aandike, bega lake likapita karibu na shavu la Mong'ina, likiwa na harufu ya mvua na mbolea, ile harufu aliyolala nayo kwenye skafu yake usiku mwingi. Mong'ina alianza kugeuza uso pembeni, kama alivyozoea.

"Usigeuke," Ratemo alisema. "Litazame. Likae kwako."

Alilitazama herufi moja baada ya nyingine. Alipata kile kisanduku, akaitoa alama, akahifadhi.

"Sasa kitarudi?" mzee aliuliza. "Huyo esigani?"

"Atarudi, Mzee. Lakini si leo, na si kwa haraka kama mwanzo." Aliifunga kompyuta. "Akishakuta lango limefungwa mara nyingi, anajifunza kupita mbali. Atakuja siku moja achungulie tu, aondoke. Aje tena. Hawezi kuombwa, hawezi kusukumwa. Mpaka aone lango liko wazi siku baada ya siku, ndipo atakapoanza tena kuwasema vizuri kwa watu."

Mzee Onyiego alivaa kofia yake. "Umesikia, Ratemo?"

"Nimesikia."

"Watu waliokaa Jumapili, nitawaita wakae tena. Utasimama mbele yao."

"Nitasimama."

"Na Nyamache tutakwenda," mzee alimwambia Mong'ina. "Kama bado mnatutaka."

Mong'ina aliinuka, akarudisha ndoo ilipokuwa. Angeweza kusema ndiyo. Vikombe vya mama yake vilikuwa bado kwenye boksi lao, na viti vya kanisa vilikuwa havijarudishwa. Neno lilifika ulimini, likasimama.

"Nyinyi, Mzee, karibuni wakati wowote. Lakini si Jumapili asubuhi," alisema, na Bosibori akakohoa. "Yeye aje kwanza. Peke yake. Amwambie mama yangu kwa mdomo wake kwa nini viti vinakaa vitupu."

Ratemo alimsindikiza hadi langoni, hatua kadhaa nyuma yake, asithubutu kumfikia. Mvua ilikuwa inarudi. Kando ya barabara kile kibao kilisimama, rangi yake imepauka, jina la mzee bado linasomeka.

"Nikupeleke na gari," alisema. "Utalowa."

"Nitalowa."

"Mong'ina." Alipogeuka, alimwona jinsi alivyo, matone yakimtiririka usoni asiyafute, kucha zake nyeusi, mdomo uliozoea kunyamaza ukitafuta pa kuanzia. Alimpenda, na hilo lilimuudhi kuliko yote aliyoyasikia siku hiyo. "Kesho nikaanzie kwenu? Nyamache?"

"Kesho nitakuwa kwa mama."

"Basi nije?"

Mong'ina alifungua mwavuli.

"Njoo," alisema. "Sijasema nitafungua."